Soja wa Magharibi Aliyeandikwa Ruiru

Vijana wangu, mdudu ninayetaka kuwapa habari zake hana faida yoyote ya kupeleka sokoni. Hatoi asali, haumi, na hata kwetu Malava, upande wa Kakamega, ambako tunakula kumbikumbi mpaka tunalamba sahani, sijawahi kusikia mtu akimkaanga. Ni kereng'ende mdogo, mfupi kuliko kidole changu cha kati, na anaishi penye kivuli tu. Mimi nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha wadudu cha kituo kimoja cha utafiti hapa Thika. Niliingia kama mfagiaji, nikatoka nikiwa mtu ambaye hata madaktari wa chuo kikuu walimwomba ruhusa kabla ya kufungua droo. Katika wadudu wote niliowashika, huyo ndiye aliyeniletea sifa, na ndiye aliyeninyima raha.

Kitabuni anaitwa Notiothemis. Hilo ni jina la jenasi, yaani la ukoo, na ukoo wenyewe una ndugu wawili tu. Notiothemis jonesi ni wa mashariki, ndiye huyu tunayempata kwenye vijito vya huku kwetu. Notiothemis robertsi ni wa magharibi, wa msitu wa Kakamega kwenda Uganda na kuendelea mbele huko ambako mimi sijafika. Chumbani kwetu wote wawili tuliwaita soja, kwa sababu kazi yao ni ya getini. Dume anachagua kijiti kilichoinama juu ya dimbwi dogo msituni, dimbwi ambalo wewe ungeliruka bila kuliona, anakaa nchani na kulilinda. Dume mwingine akipita anamfukuza, kisha anarudi kwenye kijiti kilekile. Macho yake ni ya kijani kinachoelekea buluu, kifua ni cheusi chenye michirizi iliyopauka, na karibu na mwisho wa mkia ana doa la manjano kana kwamba alikalia rangi kabla haijakauka. Ndugu hao wanafanana hivi kwamba wakishakauka lazima umgeuze chali kila mmoja na kutazama viungo vyake vya dume kwa lenzi ndipo ujue huyu ni yupi.

Na bado kuna mengi yake nisiyoyajua. Wingu likifunika jua anaenda wapi? Nimekaa kwenye matope nikimkodolea macho, nikapepesa mara moja, hayupo. Nani humwambia dimbwi lipi litakauka na lipi litabaki? Nilistaafu na maswali haya mkobani.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka, alikuja kwangu Makongeni msichana anayeitwa Wanjiru, amebeba kilo mbili za sukari na begi la mgongoni lenye matope. Alikuwa anasomea shahada ya pili na amepanga chumba Ngoingwa. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu kituoni kabla sijastaafu. Alikunywa chai kwa haraka ya mtu ambaye hakuja kunywa chai.

“Shosho,” akaniita, kama wanavyowaita nyanya zao huku, “nimekuja na swali moja tu. Ile western ya Ruiru. Lebo inasema ni wewe uliishika. Ilikuwa pool gani exactly?”

Akanieleza. Kwa miezi kumi na nane alikuwa anashuka kila wiki kwenye kijito kimoja nyuma ya mashamba ya kahawa, Ruiru, kumtafuta soja wa magharibi, kwa sababu kwenye droo yetu kulikuwa na mmoja aliyeandikwa kuwa alishikwa pale. Mmoja tu, mbali na ndugu zake wote. Wa mashariki alikuwa amewapata wengi, akawatia alama za rangi kwenye mabawa mpaka anawajua kwa namba. Wa magharibi, hata kivuli chake hakukiona.

“Nikikosa msimu huu naandika ameisha,” akasema. “Naandika flats na dawa za kahawa zimemmaliza. Supervisor anataka hiyo chapter mwisho wa mwezi. Lakini Shosho, kama ni mimi natafuta pool mbaya?” Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakuwa mtoto wa kulia ovyo.

Nilimwambia arudi Jumamosi, nitakuwa nimekumbuka. Huo ulikuwa uongo. Hakukuwa na kitu cha kukumbuka. Sikuwa na hakika kwamba mdudu yule alitoka Ruiru, na jambo hilo nilikuwa nimelijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa msichana wa watu alikuwa karibu kumwandikia tanzia mkaaji ambaye pengine hakuwahi kukaa pale. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeuficha wangu mpaka nikastaafu nao.

Ili mnielewe, niwaambie habari za Mzee Njoroge. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. Alikuwa mtu wa Gatanga, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kukiwa na jua kali, na kufundisha kwake kulikuwa ni kukuacha uaibike kwanza. Wiki yangu ya pili na wavu alinituma Gatuanyaga nikamletee soja. Nilizunguka vumbi la Gatuanyaga siku nzima, kutoka bwawa la ng'ombe hili hadi lile. Nilishika kereng'ende wekundu, wa buluu, wakubwa kama kibiriti chenye mabawa. Soja hakuna. Nilirudi nimekuwa mwekundu nyusi mpaka viatu.

“Ulikuwa unatafuta nini huko?” akaniuliza.

“Si ni soja, Mzee, yule wa msituni.”

“Na msitu uliona?”

“Hapana.”

“Haya. Sasa hiyo hutawahi sahau.”

Nilimkasirikia siku tatu. Lakini alikuwa amenipa somo la kwanza la kazi hii: mahali ni sehemu ya mdudu, kama mguu au bawa. Ukimtenganisha na mahali pake unabaki na ganda.

Kushika kwenyewe si nguvu. Kereng'ende anaona mbele, juu na pembeni kwa wakati mmoja, ila chini na nyuma kidogo macho yake yana upungufu. Mwendee kutoka huko, wavu uwe chini, usimtupie kivuli chako. Ukikosa mara ya kwanza usimkimbize, utavunjika mguu bure. Kaa. Kijiti ni chake, atarudi. Mimi nilikuwa na papara, nikaanguka mtoni mara nyingi hivi kwamba mume wangu, marehemu sasa, alianza kuniuliza jioni kama leo niliogea kazini.

Ukishamshika unamfunga mabawa nyuma na kumtia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, ambayo juu yake umeandika mahali, siku na jina lako. Unamwacha hivyo mpaka kesho yake ili tumbo litoke uchafu, halafu unamzamisha kwenye asetoni siku nzima pamoja na bahasha yake. Asetoni inafyonza mafuta ili rangi zisioze. Ndiyo hiyohiyo akina dada hufutia rangi ya kucha, na mimi nilinukia hivyo miaka yote. Majirani wa Makongeni waliamini kwamba nafanya kazi saluni na ninawaficha bei. Siku moja niliimimina kwenye kopo la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, lililokuwa na keki. Niliporudi kutoka chai, kopo lilikuwa limelegea mezani kama uji wa mgonjwa, na kereng'ende saba wamegandamana ndani. Mzee Njoroge aliuweka uvimbe ule dirishani mwaka mzima ili wageni wauone.

Kwa sababu ya asetoni, sheria ya chumba chetu ilikuwa moja, na Mzee aliirudia kama sala: bahasha huandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino hapana, hata kama umeazimwa na waziri.

Sasa fikeni kwenye kosa langu. Nilikuwa nimeenda likizo nyumbani Malava na wavu wangu, maana mtu wa kazi hii hana likizo, nikashika soja wa magharibi kwenye msitu wa karibu na kwetu. Penseli yangu ilikuwa imeenda shule na mtoto wa dada yangu. Nikachukua biro, kalamu ya wino, dukani. Iliandika vizuri, tena kwa urembo, na niliporudi Thika nikaendelea nayo. Siku mbili baadaye nilishuka Ruiru kwenye kile kijito na kushika soja wa mashariki, nao nikawaandika kwa biro. Mzee Njoroge alikuwa ameenda kwao kwenye mazishi. Nikazamisha bahasha zote kumi na nne kwenye mkebe mmoja.

Nilipofungua kesho yake, asetoni ilikuwa ya buluu kama maji ya kusuuzia shati jeupe la shule. Bahasha zilikuwa nyeupe tupu. Nikakaa sakafuni.

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi: kuandika kwamba sijui. Lakini nilikuwa miaka michache tu kutoka kwenye ufagio, na niliogopa kurudishwa. Kuwatofautisha ndugu wale kwa lenzi nilikuwa bado sijafundishwa. Nikawapanga mezani, nikaanza kukumbuka. Huyu aliyevunjika mguu ni wa Malava. Huyu mwenye bawa lililochanika nilimshika Ruiru chini ya mti ulioanguka. Kuna waliokuwa na alama, nikawa na hakika nao. Kuna ambao niliwapeleka huku au kule kwa sababu mkono ulitaka. Nikaandika bahasha mpya, kwa penseli safari hii, na mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mtaalamu mgeni wa kereng'ende, akawapitia wote kwa darubini, na alipofika kwenye mmoja wa wale wa Ruiru akaita watu. Alikuwa wa magharibi. Huku kwetu, mbali na Kakamega namna hiyo. Walinunua soda na keki, wakanipigia makofi. Mzee Njoroge alingoja wengine watoke, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Imali, huyu ulimshika Ruiru wewe mwenyewe?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Basi ni ya maana sana,” akasema, akavua kofia yake. Mpaka anastaafu alikuwa akiwaonyesha wageni droo ile na kusema, huyu mama ndiye aliyemwona. Alifariki akiniamini. Hilo linaniuma kuliko mengine yote, na sitawaficha.

Jumamosi Wanjiru alirudi. Sikumwambia nyumbani. Nilitaka kukiona kijito kwanza, au labda nilikuwa naongeza muda tu. Tuliteremka Ruiru kupitia kahawa, upande wa juu kukiwa na majengo mapya yenye nguo zilizoanikwa kila ghorofa, na chini, palepale nilipopaacha, kamba nyembamba ya msitu imeshikilia maji. Kuna baridi ya aina yake pale. Nilifurahi, jamani, sitawadanganya. Nilisahau nilichokuja kufanya.

“Number kumi na saba huyo,” Wanjiru akanong'ona, akinyoosha kidole.

Soja wa mashariki alikuwa nchani mwa kijiti, ana tone jeupe la rangi kwenye bawa. Tulichuchumaa. Akapita mwingine, kumi na saba akamtimua, akarudi kijitini pake. Kisha Wanjiru akanigusa bega na kunionyesha kwenye majani nyuma, hatua mbili hivi kutoka dimbwini. Kulikuwa na soja wa tatu amekaa kimya.

“Hao hawana pool,” akasema. “Wanakaa tu hapo nyuma. Mwenyewe akitoka kufukuza mtu, huyu anaingia haraka, akirudi anatoka. Nimewaona wiki nyingi. Kuna mmoja alingoja mpaka akarithi.”

Miaka thelathini na moja, na sikuwahi kutazama nyuma ya kijiti. Nilikuwa na haraka ya kushika. Nikamuuliza maswali kumi kwa mpigo, akanijibu yote, na mengine akasema bado hajui, anaangalia. Alilisema hilo neno bila kigugumizi. Hapo ndipo nilipoona aibu sawasawa.

“Wanjiru, kaa chini.”

“Kuna matope, Shosho.”

“Basi simama. Siwezi kukuonyesha dimbwi. Sijui kama lilikuwepo.”

Nikamweleza biro, mkebe, bahasha tupu, na jinsi nilivyoandika upya kutoka kichwani. Nilieleza mpaka mwisho, hadi soda na keki. Alinisikiliza huku akitazama maji.

“So alikuwa hapa ama hakuwa?”

“Sijui. Huenda alikuwa. Huenda nilimleta kutoka Malava kwenye begi. Hakuna atakayejua tena, hata mimi.”

“Aki, Shosho. Miezi kumi na nane.”

“Najua.”

“Hujui. Nimefukuzwa na mbwa za hiyo shamba. Nimeshinda kwa hii baridi na homa. Mamangu ananiuliza kila Sunday kama bado nakimbiza wadudu. Hiyo ‘sijui’ ungeiandika ile siku, mimi ningekuwa nimemaliza shule.”

Alibeba begi lake akapanda mteremko peke yake. Alipofika kwenye mstari wa kwanza wa kahawa alisimama, akarudi chini, akanishika mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi na mimi ni mzee. Alinifikisha barabarani, kisha hakunipigia simu kwa muda mrefu. Nilisikia kwa watu wa kituoni kwamba ameitupa ile sura yote na kuanza nyingine, juu ya wale soja wasio na dimbwi, na kwamba imemrudisha nyuma muhula mzima.

Nyinyi wa leo mtaniambia kosa kama hili haliwezekani tena. Mnapiga picha, simu inaandika mahali yenyewe. Ni kweli, na mimi nawaonea wivu. Lakini nimeona picha ya kereng'ende wa Mombasa ikitumwa WhatsApp kutoka mtu hadi mtu mpaka ikafika kituoni kama ya Thika, kwa sababu aliyeipeleka mwisho alikuwa Thika, na kijana aliyeulizwa ilikotoka akajibu haraka kuliko alivyojua. Asetoni haikunifanya niandike uongo. Ilifuta tu. Kuandika niliandika mwenyewe.

Wanjiru alinipigia mwezi wa kumi. Hakusalimia kwa urefu. Alisema niende kituoni Jumatatu, tunamaliza kitu.

Alikuwa ametoa droo na kuweka bahasha zote kumi na nne mezani kwa mstari. Katika kazi yetu lebo ya zamani haitupwi, hata ikiwa ya uongo. Unaandika nyingine na kuiweka nyuma yake, ili atakayefungua baadaye aone kosa na sahihisho kwa pamoja. Tulianza na wale kumi na watatu wengine. Mwenye bawa lililochanika nilimwachia mahali pake, maana mchaniko wake nilikuwa nimeuchora kwenye daftari siku ileile. Wa mguu uliovunjika alibaki Malava. Kwa waliosalia alinisomea lebo na kuniuliza, una hakika? Nikajibu ndiyo kwa wanne. Saba tuliwaandikia kadi mpya.

Kisha akamsogeza yule wa sifa. Mkono wangu ulikuwa umechoka. Niliandika: “Mahali hapajulikani. Ni Malava au Ruiru. Lebo ya kwanza iliandikwa kwa kukumbuka, baada ya asetoni kufuta maandishi.” Nikampa kadi, akaisoma mara mbili.

“Iko sawa,” akasema. “Lakini ni nani ameandika?”

“Si kila mtu hapa anajua mwandiko wangu?”

“Mimi naujua. Mwenye atafungua hii droo nikiwa shosho kama wewe hatajua.”

Akanirudishia kadi. Kwenye ile lebo ya kwanza, ile ya soda na keki, jina langu nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa ili lionekane. Nikaliandika na hapa kwa herufi kubwa vilevile.